Siku Tarumbeta Aliponyamaza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una sufuria motoni, punguza moto. Kama uko kazini, endelea kujifanya unafanya kazi. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa na sauti kubwa kuliko redio hii. Sitii chumvi. Redio ina kitufe cha kuipunguza. Yeye hakuwa nacho.

Mtaani walimwita Tarumbeta. Alikuwa mwitaji wa mizigo katika mtaa wa maghala, ule mtaa mkongwe wa katikati ya mji wenye vichochoro vyembamba na milango ya chuma. Amefariki wiki iliyopita, alfajiri, hospitalini. Ameacha binti mmoja, fundi wa mapazia. Ameacha pia mdogo wake wa kiume, mtu wa winchi, ambaye wote wanamwita Breki. Mengi mtakayoyasikia leo ametupa huyo Breki. Alikaa hapa studio, kwenye kiti kilicho mbele yangu, mikono juu ya mapaja. Kila nilipomuuliza jambo alinyamaza kwanza. Nikadhani hasikii vizuri. Kumbe ndivyo alivyozoea kusikiliza.

Sasa, wapo watu wanaopita mtaa ule siku hizi, wanapiga picha kwenye kuta, wanakunywa kahawa, wanakwenda zao. Mmoja aliniuliza kama zile boriti zinazochungulia nje juu ya madirisha ni mapambo. Mapambo! Nilitaka kumjibu vibaya, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe hakuna aliyenieleza mpaka nilipouliza.

Boriti zile zilikuwa za kupandishia mizigo, wasikilizaji. Maghala yale yana orofa tatu, na ngazi zake ni nyembamba, mtu na gunia lake hawapishani na mtu mwingine. Kwa hiyo mzigo ulipanda kwa nje. Kamba ya chuma ilining'inia kutoka kwenye boriti mpaka barabarani. Wachukuzi walifunga mzigo, winchi ikauvuta, na juu watu wakaupokea mlangoni. Sukari, saruji, marobota ya pamba, vitambaa, karatasi. Kila kitu kilichouzwa katika mji huu kiliwahi kuning'inia pale.

Lakini winchi ilikaa darini, ndani kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha. Mtu wa winchi haoni barabara. Haoni mzigo. Haoni kama chini yake kuna mtu au paka. Anachojua ni kile anachoambiwa na mtu mmoja aliyesimama chini, na mtu huyo ndiye mwitaji. Hapo utaelewa kwa nini sauti ilikuwa kazi.

Tarumbeta hakuanza na kuita. Alianza kwa kushona magunia yaliyopasuka, amekaa mlangoni mwa Ghala la Kona na sindano yake ya chuma. Siku moja mwitaji wa zamani alipitiwa, mzigo ukaanza kupinda, na yule binti wa magunia akapiga ukelele mmoja tu. Winchi ilisimama. Njiwa wote waliondoka paani. Nyapara alitoka ofisini akauliza, "Nani huyo?" Wachukuzi wakamwonyesha kwa vidole. Kabla ya mwisho wa mwezi sindano ilikuwa ya mtu mwingine.

Walimcheka, bila shaka. Wanaume wenye mabega ya kubeba saruji, waambiwe na mwanamke simama, tembea! Mmoja aliyekuwa hachoki utani alikuwa mshika mkia. Mshika mkia ni yule anayeshika kamba ya pili, iliyofungwa kwenye mzigo, ili usizunguke hewani. Anasimama chini, pembeni kidogo ya mzigo, macho juu. Huyo bwana alimwambia Tarumbeta, "Dada, mwaka mzima unanipitishia mizigo juu ya kichwa, na hujanitazama usoni hata siku moja." Tarumbeta akamjibu, "Nikikutazama wewe, nani atatazama mzigo?" Wakaoana.

Sasa hebu tazama ilivyokuwa. Juu darini, mdogo wake. Chini kwenye kamba, mume wake. Katikati, sauti yake. Breki aliniambia, "Ilikuwa kazi ya familia. Tulikuwa tunakula mezani tukiwa bado tunaitana kwa kelele."

Kulikuwa na kanuni zao, na naomba mzishike kichwani maana tutazirudia. Mzigo ukiwa hewani, sauti ni moja. Hakuna mwingine kuita, hata awe nyapara. Mtu wa winchi akisikia sauti ngeni, anakaza breki na kusubiri. Mlango wa dari hufungwa kwa komeo, asiingie mtu kumzungumzisha. Na kama mwitaji anataka kupumzika, anamkabidhi mwenzake kwa maneno mawili. Anayetoka anapaza sauti, "Nimempa!" Anayeingia anapaza sauti, "Nimepewa!" Mtu wa winchi akishayasikia yote mawili, na kwa mpangilio huo, anachukua spana na kugonga mguu wa winchi mara mbili. Ngo, ngo. Maana yake: nimesikia, namfuata huyo mpya.

Kanuni moja ilikuwa tofauti na ilivyo leo. Zamani mwitaji alisema "shuka" mara moja, na mzigo ukashuka mpaka aseme "shika". Akinyamaza katikati, maana yake endelea. Ukimya ulikuwa na maana ya kwamba mambo ni shwari.

Siku ile walikuwa wanashusha marobota ya pamba. Tarumbeta alisema "shuka". Marobota yakaanza kushuka. Mume wake alikuwa kwenye kamba yake kama kawaida. Kamba ikamzunguka mguu, akavutwa, akaanguka, na marobota yalikuwa juu yake. Tarumbeta aliona. Aliona yote, hatua kwa hatua, mchana kweupe. Akafungua mdomo aseme "shika".

Sauti haikutoka, wasikilizaji. Ile sauti iliyoondoa njiwa paani haikutoka.

Juu darini Breki alisikia ukimya. Akaendelea kushusha.

Sitasema zaidi. Binti yao alikuwa mdogo wakati ule, alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka la jirani akimsubiri baba yake. Naye aliona.

Kwa muda mrefu baada ya mazishi Tarumbeta hakuzungumza na mtu. Kisha asubuhi moja alikwenda kwa nyapara, bado amevaa nguo za msiba. Akasema, "Narudi kazini. Lakini kanuni igeuzwe." Nyapara akauliza igeuzwe vipi. "Mzigo utembee na sauti yangu. Nitaita panda, panda, panda, bila kukatiza. Nikinyamaza, breki. Hata kama nimepaliwa na mate, breki. Ukimya uwe simama."

"Tutachelewa, mama," nyapara akasema.

"Tuchelewe."

Wachukuzi walinung'unika. Mizigo ikawa inapanda kwa mwendo wa maharusi. Lakini ghala la jirani lilisikia, likaiga. La pili yake likaiga. Mwisho mtaa mzima ukawa unafanya kazi hivyo, sauti zinaimba panda, panda kutwa nzima, na pale sauti inapokatika kila kitu kinasimama. Ukimya ni simama. Hiyo ndiyo kanuni aliyotuachia Tarumbeta. Kuanzia siku ile hakuna tena aliyekufa chini ya mzigo katika mtaa ule.

Yeye na mdogo wake hawakuwahi kuizungumzia siku ya marobota. Nilimuuliza Breki kwa nini. Akasema, "Mkono ulikuwa wangu. Sauti ilikuwa yake. Sasa hapo tungeanzia wapi?" Waliendelea kufanya kazi pamoja, kula pamoja, kuuguzana. Lakini jambo lile lilikaa katikati yao kama mgeni asiyeaga.

Na yule binti? Alikua mpole, mwenye sauti ya chini mpaka wateja wanamwambia "unasemaje?" Alijifunza kushona mapazia. Alimwambia mama yake waziwazi, "Kazi yoyote nitafanya, Mama. Kuita mzigo, hapana. Mpaka naingia kaburini."

Halafu mtaa wenyewe ukafa. Ulikufa polepole. Malori yakawa makubwa, vichochoro vikabaki vilevile. Wenye mali wakajenga maghala mapya nje ya mji, kando ya barabara kuu, kwenye uwanja ambao lori linageuka bila kuomba radhi. Huku wakafunga milango, wakaondoka na funguo. Kutu ikaingia. Popo wakachukua orofa za juu, walevi wakachukua za chini. Akina mama waliwakataza watoto kupita njia ile. Nami nilikatazwa, na nilikuwa mtu mzima. Halmashauri ya mji ikatangaza kwamba maghala yote yatabomolewa ili pawe na maegesho ya magari.

Tarumbeta alikuwa anakaa chumba cha nyuma cha Ghala la Kona. Hakuhama. Aliwaambia watu wa halmashauri, "Bomoeni, ila mniite kwanza nitoe sufuria zangu." Walipoondoka alimfuata seremala mmoja aliyekuwa akifanya kazi juani, akamwambia, "Kuna kivuli kule, kinakosa mtu tu." Seremala akaja, akafagia popo, akaweka meza yake. Baada yake akaja fundi wa makochi na pikapu yake chakavu. Kisha binti yake mwenyewe, huyu wa mapazia, aliyeburutwa na mama yake huku akilalamika. Kisha wakaja wapiga chapa, wenye mashine ya chuma iliyokuwa imehifadhiwa uani kwa shemeji yao, kuku wakitagia juu yake.

Halmashauri ilipoona taa zinawaka, ilikubali kuzungumza. Masharti yakawa haya. Ghala la Kona litapona likiwa linafanya kazi kutoka chini mpaka juu, orofa zote, mkaguzi atakapopita. Likipona hilo, na mengine yatapewa nafasi. Likikutwa na orofa tupu, tingatinga. Chini kulikuwa na seremala na makochi. Katikati mapazia. Orofa ya juu ilikuwa ya wapiga chapa, na mashine yao ilikuwa bado chini, barabarani, imefunikwa turubai. Kwenye ngazi haipiti. Kreni haiingii kichochoroni. Na mkaguzi alikuwa anakuja wiki ileile.

Watu wote wakamgeukia Tarumbeta. Tarumbeta akatazama juu, kwenye boriti.

Winchi ilifufuliwa. Waliiendea kwa adabu, nawahakikishia. Fundi mwenye cheti alikuja akaipima, kamba mpya ya chuma ikafungwa, mota ikasafishwa. Fundi akasema, "Kupandisha, mota inabeba. Kushusha, mnategemea breki. Na breki yenyewe ni nzima ila inataka mtu." Maana yake breki ile ni mkono mrefu wa chuma, na mtu lazima aulalie kwa uzito wake. Ukiuachia, mzigo unaondoka. Naye Breki mwenyewe hakuwa tena kijana. Lakini hakuna mwingine aliyeijua, na alipopanda ngazi ya dari siku ile, anasema, moyo ulikuwa unacheka.

Ukabaki mkia. Mashine ile ilihitaji washika mkia wawili, mmoja kila upande. Seremala alishika upande mmoja. Upande wa pili mtu alikosekana. Binti akafunga kitambaa kiunoni, akashika kamba.

"Wewe?" Tarumbeta alisema. "Kwenye mkia?"

"Baba alishika."

"Si ulisema hutaki kusikia habari ya mizigo?"

"Nilisema sitaita, Mama. Kushika si kuita."

Tarumbeta alimtazama muda mrefu. Asubuhi ile alikuwa ameshika kifua mara moja, akasema ni gesi. Hakuna aliyetilia maanani. Akaenda kusimama mahali pake pa zamani, akatazama kamba ya mwanawe isije ikawa karibu na miguu, akaitazama tena. Kisha akainua uso na kuita.

Wasikilizaji wapendwa, kwa aliyefungua redio sasa hivi, narudia. Tunamkumbuka Tarumbeta, mwitaji wa mizigo. Juu darini yuko mdogo wake, asiyeona kitu, mlango umefungwa kwa komeo. Chini kwenye kamba yuko binti yake. Kwenye kamba ya winchi kuna mashine ya chuma. Sauti ni moja. Na ukimya ni simama.

"Panda! Panda! Panda!"

Breki anasema ilikuwa sauti ileile. Ilikuwa na mikwaruzo, ndiyo, lakini ileile. Mota ikanguruma. Kamba ikakaza. Alihisi uzito ukiingia mikononi, akajua mashine imeachana na ardhi. Panda, panda, panda. Chini barabarani watu walikuwa wamejaa, wamenyamaza wote, hata mwenye duka la simu alizima muziki wake. Panda, panda. Mashine ilipita orofa ya kwanza. Ikapita ya pili. Wapiga chapa walikuwa wamesimama mlangoni juu, mikono imenyooshwa.

"Panda! Panda! Pa—"

Kisha kimya.

Breki akazima mota, akaulalia mkono wa breki. Akasubiri. Alidhani amepaliwa. Alidhani mzigo umeanza kuzunguka na dada anataka utulie. Akasubiri tena. Kisha akasikia kelele, na kelele hizo zilikuwa za watu wengi.

Darini hakuna kinachosikika sawasawa watu wakipiga kelele pamoja. Alisikia vilio. Alisikia mtu anaita maji. Akasikia sauti ya seremala, anaijua, inapanda juu ya nyingine zote: "Shusha! Breki, shusha! Shusha haraka!"

Sauti ngeni. Alikaza.

"Shusha, bwana! Unasubiri nini?"

Alikaza zaidi. Jasho lilikuwa linamwingia machoni na hana mkono wa kufuta. Kisha mlango wa dari ukaanza kupigwa. Mmoja wa wapiga chapa alikuwa amepanda, anagonga kwa ngumi, anapiga kelele afunguliwe. Komeo liko mbali. Akienda kwenye komeo, mzigo unaondoka. Akamwambia mlango, "Sifungui," na mlango ukaendelea kugongwa. Mikono ikaanza kuishiwa nguvu. Alijaribu kuuweka mkono wa breki chini ya kwapa, halafu chini ya kifua. Alikuwa anajua kwamba hana muda mrefu.

Nilimuuliza alikuwa anafikiri nini. Akaniambia hivi, nayaleta maneno yake: "Mara ile nyingine pia ulikuwa ukimya. Nikaendelea. Sasa ni ukimya tena. Nikasema moyoni, Dada, safari hii siendi popote. Nikatike mikono, siendi."

Naye hakujua alichokuwa anakizuia. Tarumbeta alikuwa ameanguka pale aliposimama. Moyo. Watu walikimbilia kwake kutoka pande zote, na njia fupi ilipita chini ya mashine. Walikuwa wamesongamana pale, wameinama, migongo yao juu, hakuna aliyekumbuka kilichoko hewani. Hata seremala, aliyekuwa anaita "shusha", aliita kwa hofu tu, macho yake yako kwa Tarumbeta. Leo anasema mwenyewe kwamba Breki angemtii, tungekuwa tunasoma majina mengi ya marehemu.

Aliyeona ni binti. Alikuwa ameshika kamba. Mama yake amelala chini, angeweza kumfikia kwa kukimbia kidogo tu. Akiiachia kamba, mashine inazunguka, inagonga ukuta, na hakuna ajuaye inaangukia wapi. Hakuiachia. Aliona migongo ile chini ya mzigo. Akafungua mdomo.

Alikuwa amesimama mahali pa baba yake, wasikilizaji, na amefungua mdomo kama mama yake.

Sauti yake ilitoka.

"Ondokeni chini ya mzigo!"

Watu waliruka. Yule asiyesikika dukani kwake mwenyewe! Walimwinua Tarumbeta, wakampakia kwenye pikapu ya fundi wa makochi. Mtu akamwambia binti, "Njoo, panda, mama yako anaondoka." Akatikisa kichwa. Pikapu ikaondoka kwa honi, na binti akabaki na kamba mikononi, machozi yanashuka mpaka shingoni, hana mkono wa kufuta kama mjomba wake alivyokuwa hana.

Alijua mjomba hawezi kushikilia muda mrefu. Alijua pia kwamba kushusha ni breki na kupandisha ni mota, kwa hiyo njia salama ni juu. Na alijua kwamba Mjomba hatamfuata mtu asiyekabidhiwa. Utoto wake wote alilala akisikia maneno yale mawili. Akawaambia watu, "Nyamazeni." Mtaa ukanyamaza.

Darini Breki alisikia kelele zikikatika. Akasikia ukimya mwingine, na ndani yake sauti nyembamba, ya mwanamke, anayoijua lakini hajawahi kuisikia ikipazwa.

"Nimepewa!"

Breki akasubiri neno lingine. Kwa mpangilio, neno lile hutanguliwa na jingine. Dada yake alitakiwa kusema "nimempa". Hakusema. Aliyesema ni aliyepewa, na aliyempa hakusikika.

"Nimepewa, Mjomba! Nimepewa!"

Hapo ndipo alipojua. Hakuna aliyemwambia. Darini hakuna dirisha. Alijua kwamba dada yake, ambaye asingekubali mtu mwingine auite mzigo wake hata akiwa na homa, hawezi tena kusema. Kanuni ilimwambia akaze. Akaulalia ule mkono wa breki kwa kifua, akatoa mkono mmoja, akaitoa spana kwenye ndoano.

Ngo, ngo.

Barabarani waliisikia. Binti akavuta pumzi.

"Panda! Panda! Panda!"

Haikuwa sauti ya mama yake. Ilikuwa inakwaruza na kupasuka kwa kilio. Lakini hakuikatiza. Mota ikanguruma, mashine ikapanda, wapiga chapa wakaivuta ndani, na ilipokaa sakafuni jengo zima lilitikisika. Hapo akanyamaza. Winchi ikasimama. Kamba ilipomtoka mikononi ilikuwa na damu.

Jioni ile mjomba na mpwa wake walikuwa wamesimama kando ya kitanda hospitalini. Kitanda cha chuma, kimepakwa rangi nyeupe, imebanduka miguuni. Madaktari walikuwa wamesema ukweli, hapakuwa na la kungoja. Tarumbeta alikuwa amekata kauli tangu mchana. Basi jua lilipokuwa linaondoka dirishani alifungua macho. Jambo la kwanza aliloliuliza, kwa sauti isiyofika hata mlangoni, lilikuwa hili.

"Mzigo uko wapi?"

"Umefika juu, Dada," Breki alisema. "Uko salama."

Akatafakari. "Nani aliita?"

Binti alikuwa ameficha mikono yake iliyofungwa bandeji nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyevunja kitu.

"Mimi, Mama. Nilimwambia Mjomba nimepewa." Kisha akashindwa kujizuia. "Sikuwa nimepewa. Nilidanganya, Mama. Nilidanganya ili aniamini."

Tarumbeta alimtazama binti yake. Alimtazama muda mrefu, kama alivyomtazama asubuhi akiwa kwenye kamba. Kisha akayageuza macho yake, taratibu, kwa mdogo wake. Akakusanya pumzi. Breki anasema alimwona akiikusanya, kama zamani, kifua kinainuka.

"Nimempa," akasema.

Breki hakuwa na spana. Alikuwa na funguo mfukoni. Akazitoa, akainama, akagonga mguu wa kitanda mara mbili.

Tarumbeta akafumba macho. Alfajiri alikuwa ameondoka.

Mkaguzi alipita, wasikilizaji wapendwa. Alikuta orofa zote zinafanya kazi, mpaka ya juu. Ghala la Kona limepona, na ya jirani yanafagiliwa. Kitu cha kwanza kilichochapwa na mashine ile ni tangazo la mazishi ya Tarumbeta. Lilibandikwa kwenye kila mlango wa chuma mtaani. Na juzi kulikuwa na meza ndefu ya kupandisha kwa wapiga chapa. Nilikwenda kutazama. Binti wa mapazia alisimama mahali pa mama yake. Mwanzoni sauti ilikuwa ya chini. Kisha haikuwa ya chini.

Kabla Breki hajaondoka hapa studio nilimuuliza kama sasa anaweza kuizungumzia ile siku ya marobota. Akanyamaza kama kawaida yake. Kisha akasema, "Mara ya kwanza dada alinyamaza, nikaendelea. Mara ya pili alinyamaza, nikasimama. Basi." Akavaa kofia yake, akatoka. Nami nikabaki nakitazama kiti.

Kwa Breki, kwa binti, kwa seremala na fundi wa makochi na wapiga chapa, na kwa kila aliyewahi kufanya kazi chini ya sauti ile, poleni sana. Poleni kutoka kwetu sote hapa. Mungu amlaze mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, jiulize jambo moja tu. Kuna mtu wako aliyezoea kusema, na siku hizi amenyamaza. Labda ni dada yako. Labda ni rafiki, au mzazi aliyeko mbali. Umeuchukuliaje ukimya wake? Umedhani mambo ni shwari, ukaendelea na shughuli zako?

Tutanyamaza kidogo hapa, kwa ajili yake. Usiiguse redio, haijaharibika. Ukimya huu ni wa Tarumbeta, na maana yake sasa unaijua.

Simama.